JIKONI MWETU: Jiko la Gesi Linapotoa Masizi



Wengi wetu tumelelewa katika moshi wa kuni na mkaa. Jiko la gesi lilipoingia nyumbani tulimshukuru Mungu, maana macho yaliacha kuwasha na sufuria zikabaki zinang'aa. Siku hizi majiko haya yameenea mno. Mwezi Mei 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Kwa hiyo wapo akina mama wengi ambao ndio kwanza wanazoea kupikia gesi. Wameonyeshwa namna ya kuwasha na kuzima. Namna ya kulitunza jiko lenyewe, wachache wamefundishwa.

Basi hupita miezi kadhaa, na siku moja mama anaona sufuria imekuwa nyeusi chini kama ya kuni. Moto uliokuwa wa buluu sasa ni wa njano na unarukaruka. Maharage yanachelewa kuiva na mtungi unakwisha mapema. Hapo ndipo lawama huanza. Wengine humlaumu muuza gesi kwamba amewauzia gesi mbovu. Wengine humgombeza binti wa kazi kwamba ni mzembe, hajui kuosha vyombo. Lakini mara nyingi si muuzaji wala si binti. Jiko limeziba, nalo linaomba kusafishwa.

Kazi hiyo haimshindi mama yeyote, wala haihitaji vifaa vya gharama. Ila ina mambo mawili ambayo ni lazima tuyajue kabla ya kuanza: kwa nini moto wa njano si wa kuvumilia, na ni tundu lipi la jiko ambalo hatupaswi kulichokonoa kamwe.

JIKO LINAVYOFANYA KAZI

Gesi tunayopikia hutoka kwenye mtungi na kupita katika kipande kidogo cha shaba chenye tundu jembamba sana. Mafundi hukiita jeti. Kwa kuwa gesi hutoka hapo kwa kasi, huvuta hewa kutoka pembeni kupitia madirisha madogo yaliyo kwenye shingo ya jiko. Gesi na hewa huchanganyika ndani ya bomba, kisha hutokea juu kwenye kichomeo, yaani kile kichwa chenye vitundu vingi ambako tunawasha moto. Utaratibu huu wa kuchanganya gesi na hewa kabla ya kuwaka ndio uliomo katika taa ya maabara iliyobuniwa mwaka 1855 kule Heidelberg, Ujerumani, na kupewa jina la mwalimu Robert Bunsen. Waliosoma sayansi shuleni wataikumbuka.

Hewa ikitosha, gesi huungua yote na moto huwa wa buluu, imara, wenye sauti ndogo ya kuvuma. Hewa ikipungua, gesi haiungui yote. Mabaki yake ndiyo yale masizi meusi, na ndiyo yanayong'aa yakaufanya moto uonekane wa njano. Mama anayepikia moto wa njano anatupa sehemu ya gesi aliyoinunua kwa fedha yake.

Vinavyoziba jiko ni vitu tunavyoviona kila siku: uji uliofurika, maziwa yaliyochemka ghafla, mafuta ya kukaangia, maji ya wali, vipande vya njiti za kiberiti, vumbi na kutu. Wadudu nao wamo. Buibui hupenda kujenga katika bomba lililokaa bila kutumika, na utando wake mwembamba unatosha kuzuia hewa.

HATARI ISIYO NA HARUFU

Masizi kwenye sufuria huoshwa yakatoka. Lakini gesi isipoungua yote hutoa kitu kingine tusichoweza kukiona, nacho ni gesi ya sumu iitwayo monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, wala haikerezi koo kama moshi wa kuni. Tukiivuta hushikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na hivyo damu hushindwa kuupelekea mwili hewa safi unayoihitaji.

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu na usingizi usio wa kawaida. Ni rahisi kudhani ni malaria au ni kazi nyingi tu. Jambo la kuangalia ni hili: kama kichwa kinawauma watu wawili watatu waliomo jikoni kwa pamoja, na kinaacha wanapotoka nje, basi tulishuku jiko kwanza. Zimeni moto, tokeni nje wote, na mgonjwa apelekwe hospitali bila kuchelewa, hata kama anaonekana kupata nafuu. Walio katika hatari zaidi ni watoto wadogo, wazee, wenye maradhi ya moyo, na mama mjamzito pamoja na mtoto aliye tumboni.

Wengine husema, "Sisi hatusikii harufu yoyote, kwa hiyo tuko salama." Hapa pana kosa kubwa. Ile harufu kali tunayoijua ni ya gesi iliyovuja bila kuungua. Gesi yenyewe kwa asili karibu haina harufu. Huwekewa dawa yenye kunuka ili watu watahadhari. Ulimwengu ulijifunza jambo hili kwa machozi. Tarehe 18 Machi 1937, katika shule ya New London, jimbo la Texas nchini Marekani, gesi isiyo na harufu ilivuja chini ya jengo ikalipuka, na karibu watu 300 wakafa, wengi wao watoto wa shule. Baada ya msiba huo zilitungwa sheria za kuitia gesi harufu. Kwa hiyo pua hutuonya mtungi au mpira unapovuja, lakini haituonyi juu ya sumu inayotoka kwenye moto wa njano. Kwa hatari hiyo, mlinzi wetu ni macho. Tuutazame moto.

VITU VYA KUANDAA

Tafuta mswaki mkuukuu, beseni la maji ya moto yenye sabuni, kitambaa kikavu, pini au sindano ya kushonea, na waya mwembamba uliofungwa kipande cha kitambaa nchani. Kwa uchafu uliogandamana, andaa vijiko viwili vya unga wa magadi ya kuokea uliokorogwa kwa maji kidogo hadi uwe kama uji mzito.

Chagua wakati ambapo jiko limepoa kabisa. Asubuhi baada ya chai si wakati mzuri kama moto umezimwa sasa hivi. Fungua madirisha na mlango. Mshumaa, kibatari au jiko la mkaa lisiwepo karibu.

HATUA KWA HATUA

1. Funga gesi kwenye mtungi, si kwenye kitufe cha jiko peke yake. Toa regyuleta. Kama jiko lako ni lile dogo linalokaa juu ya mtungi wa kilo 6, lipeleke nje, hakikisha limefungwa, kisha lizungushe ulitoe kwenye mtungi.

2. Ondoa vyuma vinavyobeba sufuria, halafu nyanyua vifuniko vya vichomeo. Angalia vilivyokuwa vimekaa, maana kila kimoja kina mahali pake. Kikirudishwa upande, moto utawaka upande mmoja.

3. Loweka vifuniko na vyuma katika maji ya moto yenye sabuni kwa muda wa nusu saa. Usiloweke sehemu yenye kitufe wala mahali mpira wa gesi unapoungana. Hizo hufutwa kwa kitambaa tu.

4. Sugua kwa mswaki. Palipogandamana paka ule uji wa magadi, acha dakika chache, kisha sugua tena. Kama kichomeo ni cha alumini, magadi yasikae muda mrefu kwa sababu huigeuza rangi ikawa nyeusi. Mchanga na waya mgumu wa kusugulia sufuria tuviache, maana hukwaruza, na penye mikwaruzo uchafu hushika upesi zaidi.

5. Zibua vitundu vya kichomeo kimoja kimoja kwa pini. Ingiza na kutoa taratibu bila kuzungusha, ili tundu lisipanuke. Kijiti cha meno hakifai sana, kwani huvunjikia ndani kikawa kizibo kipya.

6. Safisha shingo ya jiko na yale madirisha ya hewa. Hapa ndipo wengi hupasahau, nao hushangaa kuona wamesugua kichomeo kikang'aa lakini moto bado ni wa njano. Pitisha ule waya wenye kitambaa ndani ya bomba, toa vumbi, mafuta na utando wa buibui.

7. Suuza, kung'uta maji, kisha anika juani hadi vikauke kabisa. Maji yaliyobaki ndani ya vitundu huufanya moto uteteme na kuzimika, na kichomeo cha chuma huanza kutu.

TUNDU LISILOCHOKONOLEWA

Sasa tuzungumze juu ya jeti. Mama zetu na bibi zetu walipikia stovu ya mafuta ya taa, ile ya kupampu, iliyobuniwa kule Sweden mwaka 1892 na Frans Wilhelm Lindqvist na kujulikana duniani kote kwa jina la Primus. Stovu ile iliuzwa pamoja na sindano yake ya kuzibulia, na kila aliyeitumia alijua kwamba moto ukififia, sindano inaingia. Ulikuwa utaratibu sahihi kwa stovu ile, kwa sababu sindano ilitengenezwa kwa kipimo cha tundu lake.

Desturi hiyo ilihamia kwenye majiko ya gesi, nako inaleta madhara. Tundu la jeti limepimwa kwa uangalifu ili litoe gesi inayolingana na hewa inayoingia. Shaba ni laini, na sindano ya kushonea au waya wa baiskeli hulipanua tundu kwa urahisi. Siku ya kwanza mama hufurahi kwa kuwa moto umekuwa mkubwa. Lakini sasa gesi inatoka nyingi kuliko hewa, moto unageuka njano, masizi yanarudi maradufu, na ile sumu tuliyoitaja inaongezeka. Tundu lililopanuka halirudi kuwa dogo. Dawa yake ni kununua jeti nyingine.

Kama unadhani jeti imeziba, kwanza ipige brashi kwa juu. Ikiwa inafunguka kwa spana, ifungue, iloweke katika maji ya moto yenye sabuni, ipulize kwa nguvu, kisha iinue uitazame dhidi ya mwanga. Ukiona mwanga wa duara safi, imezibuka. Ikishindikana, mpelekee fundi wa majiko ya gesi, na akibadilisha sisitiza jeti mpya iwe ya ukubwa uleule wa ile ya zamani.

KUWASHA TENA

Rudisha kila kitu mahali pake. Angalia kile kipete cha mpira kwenye maungio. Kikiwa kimepasuka au kimekauka, kibadilishwe. Fungua mtungi huku vitufe vya jiko vikiwa vimefungwa, halafu paka povu la sabuni kwenye maungio yote na juu ya mpira wa gesi. Povu likitoa mapovu yanayokua, pana uvujaji. Kamwe usitafute uvujaji kwa njiti ya kiberiti.

Ukisikia harufu ya gesi, funga mtungi, fungua milango na madirisha, na usiguse swichi ya umeme, iwe ya kuwasha au ya kuzima. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hivyo hukaa chini sakafuni na kujificha pembeni. Dirisha la juu peke yake halitoshi. Mlango uwe wazi hadi harufu iishe.

Pakiwa salama, washa njiti kwanza, ndipo ufungue kitufe. Tazama moto kwa dakika mbili tatu. Ncha za njano zikionekana kidogo mwanzoni, zinaweza kuwa vumbi linaloungua. Hali kadhalika chembe ya chumvi ikiangukia moto huupaka rangi ya machungwa kwa muda mfupi, nalo si jambo la kutisha. Lakini moto ukiendelea kuwa wa njano na kupaka masizi baada ya kusafisha, rudi uangalie madirisha ya hewa. Kama jiko lina kibati cha kuyafungua na kuyafunga, kifungue zaidi kidogo kidogo hadi buluu irudi. Ikishindikana, jiko liende kwa fundi.

JIKO LA KUCHOMEA NYAMA

Baadhi ya nyumba na vikundi vya akina mama wana majiko ya gesi ya kuchomea nyama, yanayobebwa kwenda kwenye sherehe na mikutano. Haya vichomeo vyake ni mabomba marefu yenye vitundu, na adui yao ni mafuta yanayodondoka kutoka kwenye nyama. Baada ya kuchoma, ngoja lipoe, kwangua mafuta, kisha piga mabomba brashi kwa kukata upande, si kwa kufuata urefu, ili uchafu usisukumwe kutoka tundu moja hadi jingine.

Jiko la namna hii likikaa stoo tangu Krismasi hadi Pasaka, usiliwashe kabla ya kupitisha waya wenye kitambaa ndani ya mabomba. Buibui akiziba bomba, gesi hurudi nyuma na moto unaweza kuwaka chini karibu na vitufe, mahali pa mkono wa mpishi. Ukiona moto hapo, funga mtungi mara moja.

DESTURI YA NYUMBANI

Kila siku, futa kilichomwagika mara jiko linapopoa, kabla hakijaungua mara ya pili. Kila wiki, nyanyua vifuniko uvioshe. Kila mwezi, safisha shingo na madirisha ya hewa, na upime uvujaji kwa sabuni. Mpira wa gesi ukianza kupasuka au kuwa mgumu, usiufunge kwa plasta. Nunua mwingine.

Kazi hii tusiifanye peke yetu. Tuwaite watoto wetu, wa kike na wa kiume, watazame na kushika mswaki. Kijana atakayepanga chumba chake mjini atahitaji elimu hii kama dada yake.

Na zaidi ya wote tumfundishe binti anayetusaidia kazi. Sisi tunatoka asubuhi kwenda shambani, ofisini au sokoni. Yeye ndiye anayesimama mbele ya moto ule mchana kutwa, pengine akiwa amembeba mtoto wetu mgongoni. Akisema kichwa kinamuuma kila anapopika, tusimwambie kwamba anatafuta visingizio. Twende jikoni tukautazame moto. Tumwambie waziwazi kwamba ana ruhusa ya kuzima jiko na kutoka nje akiona mambo si sawa, hata kama chakula cha baba hakijaiva. Hatuwezi kuomba Mungu ailinde nyumba yetu huku tunamwacha aliye mdogo kuliko wote akae kwenye hatari tunayoweza kuiondoa kwa mswaki na maji ya sabuni.

Katika kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 6, tunasoma jinsi kuhani alivyoagizwa kuutunza moto wa madhabahu usizimike. Lakini kabla ya kuongeza kuni asubuhi, alitakiwa kwanza kuyaondoa majivu ya usiku, na kwa kazi hiyo alivaa mavazi yake ya kitani. Kuondoa majivu hakukuwa kazi ya aibu wala ya kuachiwa mtu mwingine. Ilikuwa sehemu ya ibada. Nasi tunaposafisha jiko linalolisha nyumba yetu, tusijione tunafanya kazi duni. Tunawalinda watu ambao Mungu ametukabidhi.

Bwana azibariki nyumba zenu na mikono yenu. Tukijaliwa, tutakutana tena mwezi ujao hapahapa jikoni mwetu.